Kabla Hujanunua Pikipiki, Hesabu Wakwe Zako

Hivi wewe unayesoma hapa, umewahi kumkumbatia mkwe wako kiunoni, mwendo wa nusu saa, huku unamsengenya yeye mwenyewe sikioni?

Mimi nimewahi.

Na sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, rozari shingoni, kuku kapuni.

Niacheni kwanza nicheke ndiyo niendelee.

Wiki hii nimeona humu ndani vijana mnaulizana, "Nataka kununua pikipiki, nizingatie nini?" Majibu yamemiminika. Mara sikiliza injini, mara kagua kadi, mara usichukue iliyofanya bodaboda. Yote kweli. Nimesoma mpaka jibu la mwisho, na hakuna hata mmoja aliyesema hesabu wakwe zako.

Basi kaeni. Mimi ni bibi, sina haraka, naandika kwa kidole kimoja.

Ilikuwa mwaka 1993, Matogoro, hapa hapa Songea. Miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Madukani kulijaa vitu vya kila rangi, mitumba ilimwagwa chini kama mahindi, na wafanyabiashara wenye malori walikuwa wanaingia vijijini kununua mazao wenyewe. Wapo walioneemeka. Mume wangu Longino, Baba Adela, alikuwa karani wa ghala, na yeye ruksa ilimpitia upande wa pili.

Alipunguzwa kazini.

Akaja nyumbani na kiinua mgongo chake, na makoti mawili ya mvua, ya kijani, yanayofanana kama mapacha. Hayo makoti msiyasahau.

Siku ya tatu, tunakula, akasema:

"Mama Adela, nanunua pikipiki."

"Ya nini?"

"Ya biashara."

"Biashara gani?"

"Wewe mwanamke nawe! Biashara!"

Kesho yake nikamuuliza tena. Akasema ya kwendea shamba. Shamba letu lilikuwa nyuma ya choo. Keshokutwa akasema ni ya dharura. Nikaona huyu mtu ana jambo, ila halijapata mdomo. Nikanyamaza. Mimi kunyamaza naweza, nimekaa na mume huyu na sijawahi kumvuta neno kwa nguvu. Neno la Longino ni kama konokono, ukiligusa linarudi ndani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kutoka Bukoba, anahamishwa. Nyekundu, tangi linang'aa, kiti kirefu cheusi.

Longino akamchukua fundi Hironimus akaikague. Jamani, nilikwenda kushuhudia, na ule haukuwa ukaguzi, ilikuwa ibada. Hironimus alinusa tangi. Akavuta mnyororo. Akalala chini akasoma namba za kwenye chuma, akazilinganisha na za kwenye kadi, moja moja, kwa sauti. Akapiga kiki, ikawaka, akainamisha kichwa kusikiliza mlio kama padri anayesikiliza maungamo.

"Moshi mweupe hakuna," akasema. "Mweusi hakuna. Breki zinashika. Tairi la nyuma lina mwaka mzima ndani yake. Mzee, hii ni bikira."

Mwalimu akakohoa.

Watu wazima watatu walisimama pale. Walikagua plagi, walikagua taa, walikagua hadi kioo cha pembeni kama kinaonyesha sura. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Longino swali dogo tu:

Unajua kuendesha?

Hajui! Hajawahi! Hata baiskeli alikuwa anaisukuma.

Mwalimu aliileta mwenyewe mpaka uani kwetu, akaisimamisha, akatupa mkono, akaondoka kwa miguu. Tukabaki tunaitazama. Nayo inatutazama.

Wifi yangu Notburga, dada mkubwa wa Longino, anakaa nyumba ya jirani. Ndiye aliyekuwa na mila zote za ukoo kichwani, ukikosea hata namna ya kufunga khanga anajua. Akaja akaizunguka pikipiki mara mbili.

"Longino, hiki kitu kinapandwa upande gani?"

"Dada, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, nakuuliza. Maana naona hata wewe unatafuta."

Jumamosi yake akajaribu. Akapanda, akapiga kiki, ikawaka, akaachia klachi yote kwa mara moja kama mtu anayetupa kaa la moto. Ile pikipiki iliruka! Ikapita kwenye kamba ya nguo, ikabeba shuka langu, ikaingia kwenye mihogo ya Notburga, ikazima yenyewe kwa huruma.

Tukamkuta amekaa katikati ya mihogo, shuka kichwani kama maiti anayefufuka.

"Imeteleza," akasema.

Kuanzia hapo pikipiki ikawekwa sebuleni. Akaifunika na lile lile shuka. Jioni, akifikiri niko jikoni, anafunua, anapanda, anakaa tu. Anashika usukani, anatazama ukutani. Robo saa. Halafu anashuka, anafunika, anakuja kula.

Mimi kimya.

Wiki tatu zikapita namna hiyo. Ndipo akaja Aidani.

Aidani ni mkwe wetu. Alikuwa bwana shamba kule Lusewa, mbele ya Namtumbo, kwenye wakulima wa tumbaku. Amemwoa binti yetu Adela, na Adela alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza.

Hapa lazima niwaeleze kitu, maana siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana mashavu.

Kwetu sisi wa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Akiwa na neno anamtumia mtu. Na kama mtu hayupo, anakiambia kitu, kuku au nguzo ya mlango, wewe unasikia kama bahati mbaya.

Aidani alikuwa amelelewa na bibi yake, na heshima hiyo ilimwingia hadi kwenye mifupa. Miaka miwili ya ndoa, mimi sikuwa nimeiona pua yake vizuri. Nilikuwa namjua kwa kisogo.

Siku hiyo alishuka kwenye lori la mahindi, mchafu, macho mekundu. Akasimama mlangoni, uso ameuelekeza kwenye fremu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mkwe. Kuna nini?"

"Adela anamhitaji mama. Nesi amesema ni siku yoyote. Na Adela amekataa, anasema hazai mpaka mama afike."

Mimi niko nyuma ya pazia. "Hazai?" nikasema kwa sauti ili nguzo isikie. "Uzazi ni duka, anafunga mlango?"

Lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta kapu. Adela ni mtoto wangu wa pekee aliyepona kati ya watatu. Mama yake Aidani alishafariki. Kule hana mwanamke wa kwake hata mmoja. Na basi la Lusewa lilikuwa limelala njiani wiki nzima kwa mvua, na lile lori lilishaondoka kuelekea Njombe.

"Pikipiki ya kazini?" Longino akauliza.

"Haina tairi, baba."

Sote tukageuka, pole pole, tukalitazama lile shuka sebuleni.

Aidani alikuwa anaendesha pikipiki kama mtu anayetembea. Ilikuwa ndiyo kazi yake, shamba hadi shamba. Pikipiki ipo, mwendeshaji yupo, petroli Hironimus anayo kwenye dumu. Tatizo moja tu.

Kiti ni kimoja.

Notburga akaitwa. Akaketi, akakunja mikono.

"Mkwe na mkwe kwenye kiti kimoja? Kifua mgongoni? Haijawahi kutokea katika ukoo huu na haitatokea nikiwa napumua."

"Tuweke gunia la maharage katikati," nikasema.

"Gunia ni mtu?"

"Wifi, mwanangu anazaa!"

"Nimesikia. Kati ya mkwe na mkwe akae mtu." Akamtazama Longino kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyopima kitambaa. "Tena mtu yupo. Mwembamba."

Siku hizi watu watatu kwenye pikipiki moja mnaita mishikaki. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na shida tu.

Kesho yake tukaondoka alfajiri, jua linachungulia nyuma ya milima ya Matogoro. Mbele Aidani, katikati mwenye mali, nyuma mimi nimekaa upande, kapu mapajani. Kapuni kulikuwa na kuku jike, unga wa ulezi wa uji wa mzazi, na vitenge vikuukuu vya kumpokelea mtoto. Notburga alinyunyiza maji ya baraka hadi kwenye eksozi.

Jirani zetu wote walitoka nje. Mtu akapiga kelele, "Baba Adela, umejinunulia pikipiki ubebwe kama mgonjwa?"

Longino alikuwa amefumba macho.

"Baba Adela, mbona unatetemeka?"

"Ni injini."

"Na meno?"

"Nayo ni injini!"

Alisali litania nzima kuanzia Matogoro. Kila kona anamtaja mtakatifu. Tulipofika Namtumbo, ambayo siku hizo haijawa hata wilaya, watakatifu walikuwa wamemwishia, akaanza kutaja marehemu wa ukoo.

Na hapo mvua ikashuka.

Tukasimama. Longino akatoa makoti yake ya ghalani, moja akavaa, moja akampa mkwe wake. Mimi nikafunikwa karatasi la nailoni kubwa, kichwa na uso na kapu, nikafungwa kamba kiunoni. Nilikuwa naona mbele kama mtu anayetazama kwa chupa ya mafuta ya kula.

Tukaendelea. Mvua haikuwa na adabu. Mwendo mrefu mbele ya Namtumbo kuna mlima mmoja, udongo mwekundu, ukinyesha unakuwa sabuni. Pikipiki ikapanda, ikarudi. Ikapanda, ikarudi. Ikabidi sote tushuke.

Aidani akabaki pembeni ya pikipiki ameshika usukani, anavuta mafuta. Longino akaenda nyuma kusukuma. Mimi nasukuma maneno: "Vuta! Sukuma! Mama wa Mungu!"

Ghafla ikashika. Ikapanda mlima kwa kishindo, Aidani anakimbia pembeni, akarukia kitini, akapunguza mwendo kule juu, lakini hakusimama, maana ikisimama inarudi chini.

"Ipandwe!" akapiga kelele. "Ipandwe upesi!"

Sikilizeni hapo. Hakusema "panda, mama." Angewezaje kuniamuru? Alisema ipandwe. Kama tangazo.

Nikakimbia na kapu langu, mtu mzima, nikaona koti la kijani kitini, nikajua ni la mume wangu. Nikarukia. Nikakumbatia kiuno. Tukaondoka.

Nyuma nikasikia mtu anapiga yowe, "Weee! Weee! Mama Adelaaa!"

Nikasema kumbe huku nako wananifahamu. Bila hata kugeuka, nikapunga mkono.

Sasa njia ikawa nzuri. Mvua inapiga nailoni, pa pa pa, injini inaunguruma, na mimi nikajisikia kuongea. Saa zote Longino alikuwa anasali, sikupata nafasi. Nikamsogelea sikioni.

"Baba Adela, unaona ulivyotulia? Tangu mlimani hutetemeki tena. Umezoea."

Kimya.

"Nikuambie kitu, huyu mkwe wako anaendesha vizuri, lakini ni mfupi jamani. Mtoto akifuata upande wake tutamtafuta kwenye karanga."

Akakohoa.

"Koho hilo ni la mvua. Na jana usiku alivyokula! Nimeweka bakuli la mchicha wa watu watatu. Amelimaliza! Ningekuwa na ng'ombe ningemwonea huruma ng'ombe."

Mara nikasikia sauti, imekatwakatwa na upepo. "Ee pikipiki... unaonaje... amebaki kule... kwenye tope..."

"Baba Adela, unasikia? Mkwe wako anaongea na pikipiki! Mabwana shamba hawa dawa za wadudu zinawaharibu." Nikamkaza kiuno. "Lakini nisiseme uongo, moyo anao. Amesimama kwenye lori siku nzima kunifuata mimi. Mwanaume hafanyi hivyo kama hampendi mke wake. Ila usimwambie nimemsifu, atavimba kichwa, na ndiyo hivyo hana urefu wa kukibeba."

"Ee pikipiki," sauti ikaja tena, inalia kabisa sasa, "wewe ni shahidi, mimi nimesema!"

Nikacheka mpaka kapu likaruka.

Mvua ikakatika kama ilivyokuja. Nikafungua nailoni, nikafuta uso, nikainua macho nitazame safari imefika wapi.

Nikaona kisogo.

Kisogo ninachokijua.

Nikatazama mbele ya kisogo, nikitafuta kisogo kingine. Mbele yake kulikuwa na taa ya pikipiki, halafu barabara, halafu Lusewa.

Nikahesabu vichwa. Viwili. Na kimoja kilikuwa changu.

"YESU NA MARIA!"

Sijui nilishukaje. Najua nilijikuta kwenye nyasi upande wa kulia, na Aidani ameisimamisha pikipiki na kukimbilia nyasi upande wa kushoto, na pikipiki katikati ya barabara peke yake inaunguruma, kuku analia.

Tukasimama tumepeana migongo, barabara nzima kati yetu.

Mchicha! Nimemwambia habari za mchicha!

Nilitaka ardhi inimeze na nailoni langu. Lakini mtu mmoja lazima aseme, na wa kumtuma hayupo. Nikajikaza.

"Pikipiki," nikasema. "Mwambie huyo mwenzio tunarudi kumchukua baba."

Kutoka ng'ambo: "Pikipiki, mwambie mama kurudi ni nusu saa, na nusu saa nyingine kufika tena hapa. Na petroli iliyobaki inatosha kwenda tu."

"Pikipiki, mwambie baba wa watu ana umri, yuko topeni!"

"Pikipiki, mwambie mama pale mlimani ni karibu na kwa katekista Erasmus. Baba hatapotea. Lakini..."

"Lakini nini? Pikipiki, mwulize lakini nini!"

"Mwambie... nilipoondoka, kiuno kilikuwa kimeshaanza kumuuma Adela."

Nikageuka. Mzima mzima, nikamtazama. Yeye bado amenipa mgongo.

"Kilianza lini? Mbona nyumbani hakusema?"

"Nilisema, pikipiki. Niliiambia fremu ya mlango. Taratibu." Akaendelea kuziambia nyasi. "Habari za kiuno cha mtoto wa mtu ningezitamkaje mbele ya mzazi wake? Niliona aibu."

Hapo kicheko kikanitoka mwilini chote, kikaniacha baridi. Kiuno tangu jana. Mimba ya kwanza. Mwanangu yuko peke yake anashika ukuta, na sisi hapa tunamtuma pikipiki.

Wanangu, heshima ni kitu kizuri. Imenilea. Lakini heshima haikati kitovu.

Nikavuka barabara. Nikapanda. Safari hii sikukaa upande, nilikaa kiume, khanga nikaikunja katikati. Kapu nikalisimamisha mbele yangu, kuku akae kati yetu, maana Notburga alisema mtu, na kwa wakati ule kuku ndiye mtu aliyekuwepo.

"Pikipiki," nikasema. "Mwambie mkwe wangu apande. Na avute mafuta."

Akapanda. Akavuta.

Weee! Sijawahi kwenda hivyo tangu nizaliwe. Mashimo tuliyaruka kama hayatuhusu. Kuku alipiga kelele, mimi nikapiga kelele, na nitawaambia ukweli ambao hata padri sikumwambia: nusu ya kelele zangu ilikuwa raha. Moyo unaomba mwanangu apone, na tumbo linacheka lenyewe kila tukiteremka bonde. Watu mashambani waliacha majembe wakasimama. Manyoya ya kuku yanaruka nyuma yetu kama tumepasua mto wa kulalia.

Tulipoingia zahanati Aidani hakuzima hata injini. Nikaruka, nikaingia na kapu.

Adela alikuwa ameshika chuma cha kitanda, jasho tupu. Nesi mmoja mnene mchangamfu, Evaline, anamfuta uso.

"Mama!"

"Nipo mwanangu."

"Umekujaje?"

"Na mumeo."

Macho yakamtoka. "Mmekaaje?"

"Kati yetu alikaa baba yako."

"Baba yuko wapi?"

"Topeni. Nilimsahau mlimani nikamkumbatia mumeo, koti lao moja. Nikamsengenya sikioni mpaka habari za mchicha. Akawa anajitetea kwa pikipiki."

Adela akanitazama. Uchungu ukamshika, na kicheko kikamshika, vyote kwa pamoja, sijawahi kuona uso wa namna ile. Akaanza kucheka huku analia, analia huku anacheka, kitanda kinatikisika.

"Mama... nyamaza... mama... alisema nini kwa pikipiki?"

"Alisema, wewe ni shahidi!"

"Cheka mama, cheka!" Evaline akapiga kelele kutoka kule chini. "Unamsukuma! Endelea, bibi, mwambie mengine!"

Nikamwambia ya kuku. Nikamwambia ya baba yake kutaja marehemu. Kwenye marehemu wa tatu, mtoto akatoka.

Wa kike. Analia kwa sauti ya injini isiyo na eksozi.

Huyo ndiye Frida, ambaye leo mwenyewe ana watoto wawili. Nesi alisema miaka yote ya kazi yake hajaona mtoto aliyezaliwa kwa kicheko.

Nikamfunga kwenye kitenge, nikatoka naye. Aidani alikuwa amechuchumaa kwenye kibaraza, uso ukutani, anauambia ukuta sijui nini.

Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Pikipiki ilikuwa imezimika yenyewe, petroli kwisha.

"Aidani," nikamwita. Jina lake, kwa mdomo wangu, mara ya kwanza. "Geuka umwone mwanao."

Akageuka. Nikaiona pua yake. Pua nzuri kumbe!

Alimtazama mtoto muda mrefu, machozi yanashuka, hayafuti. Halafu akasema, bila fremu, bila nguzo:

"Mama, asante." Akamshika mtoto kidole. "Na mama... ule mchicha. Nilifikiri mmeniwekea wote mimi."

Nililazimika kukaa chini kwa kucheka, mtoto mkononi.

Kule nyumbani Notburga alipopata habari alitutoza faini, kuku mmoja mmoja, Aidani anipe mimi na mimi nimpe yeye, uzio wa heshima kati yetu ufunguliwe mbele ya watu. Ukafunguliwa. Mpaka leo Aidani akija ananisalimia usoni, na mchicha namwekea sufuria yake.

Sasa fundisho nalitoa hapa hapa, maana mwisho nimemwachia mwingine aseme.

Ukitaka kununua pikipiki, mchukue fundi, asikilize injini, alinganishe namba na kadi. Hironimus hakukosea hata kitu kimoja. Ila kabla hamjaigusa hiyo pikipiki, kagua nyumbani. Nani ataiendesha? Nani atapanda nyuma yake, na hao wawili wanaruhusiwa kugusana? Halafu muulize anayenunua anataka nini hasa, na akisema "biashara," muulize tena. Mimi nilijisifu kwa kunyamaza. Mkwe wangu alijisifu kwa heshima. Mume wangu naye kimya chake. Nusura ukimya wetu sote umwache mwanangu peke yake ukutani.

Longino alifika jua linazama. Alikuwa amekaa kwenye karia ya baiskeli ya katekista Erasmus, tope limemkaukia kuanzia nywele mpaka viatu, tofali bichi lenye macho.

"Tumsifu Yesu Kristo," katekista akasema. "Mzigo wenu huu, niliuokota."

Longino akashuka. Nilitegemea matusi, wallahi ningeyapokea. Yeye akauliza tu, "Adela?"

"Mzima. Wa kike."

Akamchukua mtoto, akamshika mbali na tope lake. Tukakaa kibarazani wawili. Pikipiki iko pale mbele, manyoya ya kuku kwenye taa.

Nikasema leo sinyamazi.

"Baba Adela. Biashara sio. Shamba sio. Kuendesha hujui, na unaiogopa, nimekuona. Kila jioni unaipanda sebuleni unatazama ukuta. Ulitaka nini?"

Akachuna tope mkononi. Kipande. Kipande kingine. Nikajua konokono anarudi ndani. Nikangoja.

"Miaka ishirini na mitatu natoka ghalani kwa miguu," akasema. "Naingia nyumbani, wewe uko jikoni, hugeuki. Utasikiaje? Naingia kama paka. Yule mwalimu wa Bukoba akipita na pikipiki yake, anasikika tangu bondeni, na wanawake wote mnatoka nje, na wewe unatoka, mwiko mkononi."

Akainama juu ya mtoto, nisimwone uso.

"Nilitaka na mimi nisikike nikija, Kasiana. Nilitaka utoke."